Shimo Lisilonyonya

MAELEZO YA NYONGEZA YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, chumba cha upelelezi namba 2
Tarehe 19 Desemba, yameanza kuandikwa saa 3:40 asubuhi
Shahidi: mwanamke, miaka 46. Jina kamili liko kwenye jalada. Kazini anaitwa Mama Vipimo.
Kazi: mpimaji wa udongo kwa ajili ya vyoo na mitaro ya maji ya mvua, miaka kumi na saba sasa.
Makazi: nyumbani kwa mama yake mzazi, nyuma ya kiwanda cha matofali.
Uhusiano na marehemu: dada yake, tumbo moja.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Maelezo yangu ya kwanza niliyatoa katika kituo hiki tarehe 14 mwezi huu, na nilidanganya mara mbili. Nilisema sijui kwa nini shimo la nyumba ya Mwalimu lilijaa. Nilisema pia kwamba sikuongea na mdogo wangu siku aliyokufa. Yote mawili ni uongo. Afande ameniuliza kama kuna mtu amenishurutisha kubadili maneno. Hakuna. Ningekuwa na mtu wa kunishurutisha ningefika hapa mapema zaidi. Nimeonywa kwamba haya ninayosema yanaweza kunigeukia. Nimeelewa, mimi si mtoto.

Kwanza nieleze kazi yenyewe, maana afande aliyeniandika mara ya kwanza aliweka "shimo la choo" na mambo si hivyo. Mahali ambapo hakuna bomba la maji taka, mwenye nyumba anachimba tangi. Uchafu mzito unabaki kwenye tangi, na maji yake yanapita kwenye bomba kwenda shimo la pili. Hilo la pili halina sakafu, na matofali ya kuta zake yanapangwa kwa kuachiwa nafasi ili udongo uyanywe yale maji. Ndilo shimo la kunyonya, na ndilo alilofia mdogo wangu. Kazi yangu ni kupima udongo unakunywa maji kwa kasi gani. Mchoraji anachukua namba yangu na kupanga ukubwa wa shimo, fundi naye anachimba kama mchoro unavyosema. Hakuna anayerudi kuniuliza mara mbili. Wananiamini.

Kipimo kinafanywa hivi. Unachimba vishimo vitatu vyembamba, kina cha mita moja. Unakwangua kuta kwa msumari, kwa sababu koleo huusiliba udongo ukawa laini na kuziba. Unatia kokoto kidogo chini, unajaza maji. Halafu unasubiri. Unakijaza kila kishimo tena na tena kwa saa ishirini na nne, na kesho yake ndipo unashika rula na saa. Kiangazi ndiyo usithubutu kuruka hatua hiyo. Udongo wa mfinyanzi ukikauka unapasuka, na ukimwaga maji siku hiyo hiyo yanakimbilia kwenye nyufa, wewe unadhani udongo umekunywa. Haujanywa kitu. Ukiulowesha siku nzima unavimba, nyufa zinajifunga, na hapo unaona tabia yake halisi.

Sasa nasema ambalo hakuna mpimaji atakayekuambia. Kiangazi wengi wetu tunaruka kulowesha. Tunaita "kupima kavu". Ukiwauliza wenzangu watakukatalia hadi mishipa ya shingo iwatoke. Mimi mwenyewe ningekukatalia wiki mbili zilizopita.

Mnamo tarehe 9 Agosti, saa 2:30 asubuhi, nilifika kwenye kiwanja cha Mwalimu. Huyu ni mwalimu mstaafu, mzee aliyefiwa na mke, anaishi peke yake kwenye mteremko ulio nyuma ya soko la mbao, na alikuwa anamalizia nyumba ya vyumba vinne. Nilikuwa na mdogo wangu, umri wake miaka 38, fundi mchimbaji, ambaye mtaa mzima ulimwita Sululu. Mwalimu alikuwa ameshampa kazi ya kuchimba, naye ndiye aliyenipendekeza mimi. Alimwambia, "Dada yangu akipima, hata mvua inatii." Basi vile ndivyo alivyokuwa, mdomo wake haukuwa na breki.

Bomba la mtaa ule lilikuwa halijatoa maji kwa wiki mbili. Mwalimu alikuwa na mapipa mawili tu uani. Nilipomwambia ninahitaji maji ya kulowesha vishimo vitatu mchana na usiku, aliyatazama mapipa yake akasema, "Mwanangu, haya ndiyo ninayopikia na kuogea." Nikamwambia haina shida, nitatumia ndoo nne tu. Afande, hapo usiandike kwamba nilimwonea huruma ukaishia hapo. Huruma ilikuwepo. Lakini wiki ile nilikuwa na viwanja vingine viwili, mgongo ulikuwa unaniuma, na nilitaka kumaliza siku ileile niende zangu.

Sululu aliniuliza, "Dada, na kulowesha?" Nikamjibu, "Wewe chimba, mimi nipime." Akapiga saluti kwa ile sululu yake, akasema, "Sawa, Mheshimiwa Kokoto." Tulicheka wote, na Mwalimu akacheka.

Maji yalishuka milimita ishirini na tano kwa dakika tisa. Ni kasi nzuri mno kwa udongo mwekundu wa mteremko, na mtu mwenye miaka kumi na saba ya kazi alipaswa kushtuka. Sikushtuka, nilifurahi. Kwenye fomu kuna mahali pameandikwa "Muda wa kulowesha". Nikajaza "saa 24". Mkono haukutetemeka hata kidogo, na ndilo linalonisumbua kuliko yote. Mchoraji alichukua dakika tisa zangu akachora shimo moja la kunyonya, lenye kina cha mita tatu. Kwa namba hiyo hiyo akachora na mtaro wa mawe wa kupokea maji ya paa, umwage kwenye udongo uleule.

Mnamo tarehe 2 Septemba jioni, Sululu alikuja nyumbani kwa mama akiwa na bonge la udongo kwenye mfuko wa plastiki. Alikuwa amefika chini kabisa ya shimo. Akaliweka juu ya meza, akalifinyanga kwa viganja mpaka likawa uzi mwembamba, mrefu kama kalamu mbili, na halikukatika. Mama akamfokea, "Wewe, hiyo ni meza ya kulia chakula, au umeona karakana?" Sululu akaniambia, "Dada, tazama. Huu unanata kama sabuni. Huu utakunywa maji?" Udongo unaosokoteka hivyo bila kukatika ni mfinyanzi mtupu, hilo analijua hata anayeanza kazi leo. Nilimwambia, "Karatasi imeshapitishwa, usiniletee maneno." Akafuta meza kwa kiganja. Mama aliona yote hayo lakini hakujua anaona nini.

Mvua zilianza tarehe 21 Novemba. Hadi tarehe 8 Desemba uwanja wa Mwalimu ulikuwa bwawa. Maji ya paa hayakuwa na pa kwenda, na shimo la kunyonya lilikuwa likitapika kupitia ukingo wa mfuniko. Choo chake cha ndani kilirudisha maji. Mwalimu hakunipigia mimi, alimpigia Sululu, kwa sababu ndiye aliyechimba. Kwa hiyo lawama za mtaa zilianza kumwangukia yeye, kwamba amechimba ovyo, na mimi nilizisikia nikanyamaza.

Mnamo tarehe 11 Desemba, Sululu alifika pale kabla ya saa 3 asubuhi akiwa na pampu ya kukodi. Alivuta maji mpaka yakabaki nusu ya shimo. Saa 3:12 alinipigia simu. Nilikuwa kwenye kiwanja kingine upande wa pili wa mji, nimechuchumaa na rula mkononi. Simu yangu nimeikabidhi kwa afande leo, na mazungumzo yale yalichukua dakika mbili na sekunde arobaini. Nayaeleza kama yalivyokuwa.

Alisema, "Dada, hili shimo nimelikuta limejaa mpaka mdomoni. Navuta, linarudi. Mimi naona ni udongo."

Nikasema, "Udongo nimeupima mimi."

"Najua umeupima." Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Ila siku ile tulipima kavu, Dada."

Alisema tulipima. Kupima nilipima peke yangu, yeye alishika sululu tu. Alikuwa ananisaidia kubeba, na mimi badala ya kushukuru nikapandwa na hasira. Nilimwambia hivi: "Udongo hauna tatizo. Kuta zimeziba kwa mafuta na sabuni. Shuka uzikwangue, maji yataenda."

Akasema, "Mwalimu anasema nisishuke, tusubiri gari la maji taka lije livute mpaka chini."

Nikasema, "Mwalimu alifundisha historia, hakufundisha mashimo. Umekuja kazini au umekuja kusimuliwa hadithi?"

Akacheka. Akasema, "Haya mama, nashuka." Simu ikakatika.

Kila fundi anajua kwamba hewa iliyotulia mle chini inaua, na haina hata harufu ya kukuonya. Unaacha mfuniko wazi siku nzima, unafunga kamba kiunoni, watu wawili wanashika kamba juu. Mimi ndiye niliyemfundisha hayo alipoanza kazi. Siku ile sikumkumbusha hata moja. Nilikuwa na hasira na nilitaka anitoe kwenye aibu, basi. Kama ningetamka maneno mawili tu, "funga kamba", leo ningekuwa na kesi ya karatasi peke yake.

Saa 3:35 Mwalimu alinipigia kwa simu ya Sululu. Alikuwa anapiga kelele, sikumwelewa. Nilifika pale saa 4:10. Majirani walikuwa wameshamtoa kwa kamba ya kuanikia nguo, wamemlaza juu ya bati, uso umekuwa wa kijivu. Nilimwita jina lake la utotoni. Nilimpiga makofi mashavuni kama mwendawazimu, nikawa namwambia aache mzaha. Kuna mwanamke alinishika mabega akanitoa.

Baadaye, kabla polisi hawajafika, nilimulika tochi ndani ya shimo. Kuta zilikuwa safi. Hapakuwa na mafuta wala sabuni wala chochote cha kuziba. Kati ya matofali mawili palikuwa na mkwaruzo mmoja wa mwiko wake, kama urefu wa mkono, na kilichotoka pale ni mfinyanzi mwekundu unaong'aa. Mdogo wangu alishuka kutafuta kitu ambacho hakikuwepo, akakwangua mara moja, na nadhani alijua. Nafikiri hata aliinua kichwa apande. Sina ushahidi wa hilo, afande, andika tu kwamba nafikiri.

Mama aliletwa pale saa 5 hivi. Alimrukia Mwalimu akamshika kola, akawa anasema, "Umeniulia mwanangu! Umemshusha humo kama ndoo!" Majirani nao wakadakia kwamba kweli, mzee ndiye aliyemshusha. Hakuna aliyeona, walisikia mama anasema. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka hapo. Mwalimu alinitazama. Yeye alisikia simu yote, kwa sababu mikono ya Sululu ilikuwa na maji na alikuwa ameweka simu juu ya pipa kwa sauti kubwa. Alinitazama akangoja. Mimi nikatazama chini. Kisha mama akaja akanikumbatia, akasema, "Nimebaki na wewe tu." Saa 6 kamili polisi wakamchukua Mwalimu.

Mnamo tarehe 14, siku moja baada ya mazishi, nilikuja hapa nikatoa yale maelezo ya uongo. Tarehe 15 nilimpelekea Mwalimu chakula mahabusu. Sijui nilikwenda kutafuta nini. Labda nilitaka anitukane. Alikuwa ameketi sakafuni, miguu imevimba, maana ana shinikizo la damu na dawa zake zilibaki nyumbani. Nilimuuliza kwa nini hajasema. Akaniambia, "Mama yako amebakiwa na mtoto mmoja. Mimi sitakuwa mtu wa kumnyang'anya huyo." Halafu akaniuliza kama nyumba yake imefungwa. Nikamwambia imefungwa. Hata hilo sikuwa na uhakika nalo.

Leo nimemuuliza afande kama tangu siku ile Mwalimu amenitaja popote kwenye maelezo yake. Afande amefungua jalada akasema hapana, ameandika tu kwamba alimkataza marehemu kushuka. Hapa nilimwomba afande aache kuandika kwa muda.

Tunaendelea. Tarehe 16 nilikwenda kwenye kiwanja cha Mwalimu peke yangu. Geti halikuwa limefungwa. Nilichimba kishimo hatua moja kutoka pale nilipopima Agosti, nikakikwangua kwa msumari, nikatia kokoto. Udongo ulikuwa umeshashiba mvua za wiki tatu, haukuhitaji kuloweshwa. Nilikilowesha hivyo hivyo. Nilikijaza kila baada ya saa mbili mpaka giza likaingia, nikalala kwenye kibaraza cha Mwalimu, nikaamka nikakijaza tena, mpaka saa ishirini na nne zikatimia. Tarehe 17 nilishika rula. Kwa nusu saa nzima maji yalishuka milimita mbili, tena ukiwa mkarimu. Kwa mwendo huo, kile kilichochukua dakika tisa kwenye fomu yangu kinachukua zaidi ya saa sita. Pale hapafai shimo la kunyonya, si la mita tatu wala la mita thelathini. Ningelijua hilo tarehe 10 Agosti, kwa maji ya mapipa machache tu.

Nimeleta fomu halisi ya Agosti, nimeleta na namba za juzi nilizoziandika kwenye daftari. Nimeleta pia orodha ya viwanja kumi na kimoja nilivyopima kavu miaka minne hii. Naomba ipelekwe ofisi ya ujenzi leo, isilale mezani. Mvua bado zinanyesha, na huko pia kuna mtu atamwita fundi, na fundi ataangalia karatasi yangu aseme udongo ni mzuri, kumeziba, ngoja nishuke. Afande ameniambia suala la orodha litashughulikiwa kwa utaratibu. Nimemwambia utaratibu aufanye, lakini aanze na nyumba ya tatu kwenye orodha, maana ile ina shimo refu kuliko la Mwalimu.

Kuna jambo la mwisho na ndilo zito. Mama yangu yuko nje kwenye benchi. Tumekuja pamoja asubuhi hii. Anangoja zamu yake kutoa maelezo dhidi ya Mwalimu. Atasema kwamba usiku wa tarehe 10 Sululu alimwambia mzee anamlazimisha kushuka. Si kweli. Usiku ule Sululu alikula, akataniana naye, akaondoka kwenda kwake, nilikuwepo. Mama si mwongo, ni uchungu umemtia chumvi mdomoni, na kadiri anavyolirudia anaanza kuliamini. Juzi aliniambia, "Tukiwa na kauli moja watatusikia." Nikaitikia kwa kichwa. Njiani asubuhi alinishika mkono muda wote, akidhani nimekuja kumtia nguvu.

Naomba afande asimwambie. Wala asimwite ndani kabla yangu. Nitatoka nimwambie mwenyewe, kwa mdomo uleule niliosemea "shuka".

Mwalimu hana kosa. Alisema asishuke, mimi nikasema ashuke, na mdogo wangu akanisikiliza mimi kwa sababu mimi ni dada yake.

Hayo ndiyo niliyoyafanya na niliyoyajua. Nimesomewa yote kuanzia juu hadi chini, nimeyasikia, sina la kupunguza, na naweka sahihi yangu kwa hiari.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)
Saa 5:50 asubuhi

MAELEZO YA MWANDISHI: Nimeyaandika maelezo haya kama yalivyotamkwa, kwa ombi la shahidi mwenyewe kwamba nisimsafishie maneno. Vielelezo: simu moja, fomu moja ya upimaji, daftari moja, orodha yenye viwanja kumi na kimoja. Taarifa kuhusu orodha imepelekwa ofisi ya ujenzi kwa simu saa 5:55. Mtuhumiwa wa awali amepelekwa zahanati, na maombi ya kuachiwa kwake yako mezani kwa mkuu wa kituo.

Saa 6:00 mchana shahidi alitoka nje, akiwa chini ya uangalizi, akazungumza na mama yake kwa muda wa dakika kumi na tano. Baada ya hapo amerudishwa ndani na anashikiliwa kwa mahojiano zaidi. Mama mzazi wa marehemu aliulizwa kama yuko tayari kuandikwa. Alijibu kwamba hana maelezo. Aliulizwa kama angependa kumuaga binti yake kabla ya kuondoka. Alivua sweta aliyokuwa ameivaa, akampa askari wa zamu, akasema mahabusu kuna baridi, akaondoka.